Kwa Hiari Yake

Wanawake waliokuwa wakimwosha Mutesi walimtuma mmoja wao nje amwulize mumewe, Hakimu, kama fulana ikatwe au waendelee kujaribu kuivua. Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika na kukakamaa nyuma ya mgongo, na fulana yenyewe ilikuwa ya kubana, ya mtu mwembamba kuliko yeye. Hakimu aliinuka kutoka kwenye mkeka walipokaa wanaume, akaenda barazani kwenye cherehani yake, akachukua mkasi mzito wa kukatia makoti, akampa yule mwanamke mlangoni. Alibaki amesimama pale. Kwa mlio wa kukatwa kwake tu alikitambua kitambaa: pamba ya bei ya chini, iliyofumwa ovyo, ambayo ingechakaa baada ya kufuliwa mara chache.

Walimtolea fulana ndani ya beseni. Sura ya mgombea iliyochapwa kifuani ilikuwa imekatwa katikati, jicho moja huku, jicho jingine kule. Haikuwa nguo ya mke wake. Jana yake asubuhi Mutesi alikuwa ametoka nyumbani na kitenge na sweta ya kijani, nyanya kichwani, kwenda kuuza sokoni kwanza na kisha kuvuka mpaka wa Congo na zitakazobaki, kwa maana Goma hazikosi mnunuzi.

Hakuvuka. Mkuu wa soko alikuwa amepita meza hadi meza akiwaambia wauzaji wafunge, wote waende Mudende, huko milimani, kwenye mkutano wa kampeni, na atakayebaki atafute mahali pengine pa kuuzia. Mutesi alimpigia simu mumewe akiwa tayari juu ya lori. Nyuma yake watu walikuwa wanaimba. Alimweleza kwamba wamegawiwa fulana, kwamba huko juu kutakuwa na baridi, na kwamba asiwe na wasiwasi, dereva ni Habib. Habib alikuwa mdogo wake Mutesi wa tumbo moja.

Lori lilikuwa la mradi wa barabara, la kubebea mchanga na mawe. Wakati wa kurudi kulikuwa na mvua na ukungu, na kwenye kona za kushuka breki zilikataa. Watu saba walikufa. Habib alitoka kwenye kabini akiwa amevunjika mfupa wa bega, akachimba matope kwa mkono mmoja mpaka akampata dada yake. Alimvuta mpaka kando ya barabara na kukaa naye. Waliomkuta walisema hakuwa analia. Alikuwa anamfuta uso kwa mkono wa shati lake, anafuta, mvua inalowesha, anafuta tena.

Bwana Donat alikuja mazikoni. Alikuwa meneja wa ule mradi wa barabara, na katika miezi ya kampeni ndiye pia aliyeratibu mikutano ya chama kilichokuwa madarakani. Watu wa Gisenyi walimzoea kwa kofia zote mbili na hawakuona ajabu. Alituma mchele na sukari kwa familia, akasimama nyuma ya wanaume wakati wa dua, ameinamisha kichwa kuliko wote. Kabla ya kuondoka alimvuta Habib pembeni. Habib hakumwambia mtu walichozungumza. Lakini mshahara wake uliendelea kuja ingawa hakuwa anafanya kazi, na akiulizwa kuhusu siku ile alijibu kwamba gari ni chuma, chuma huvunjika.

Uchaguzi ulipita. Mgombea wa kwenye fulana alishinda kwa kura nyingi, kama ilivyotarajiwa. Aliyeshindwa, mgombea binafsi jina lake Sano, mfanyabiashara wa viazi, aliwasilisha malalamiko akisema kampeni ya wakubwa ilitumia magari ya serikali na kuwakusanya watu kwa vitisho. Lori la Mudende lilikuwa mfano wake wa kwanza. Alilitaja redioni, akataja wafu saba, na sauti yake ilitetemeka. Hakimu alisikiliza akiwa kwenye cherehani. Aliposikia jina la mke wake likitamkwa redioni aliondoa mguu kwenye pedeli, akakaa hivyo mpaka matangazo ya biashara.

Baada ya wiki chache wachunguzi wa uchaguzi waliwasili kutoka Kigali. Aliyewaongoza aliitwa Niyigena, kijana mrefu aliyezaliwa Tanzania katika familia ya wakimbizi na kurudi akiwa mkubwa, msemaji wa Kiswahili cha vitabuni. Alimkuta Hakimu barazani, akaomba ruhusa kabla ya kuketi. Hilo Hakimu hakulisahau. Katika kipindi chote cha msiba hakuna mtu wa serikali aliyemwomba ruhusa ya kitu chochote.

Niyigena aliuliza maswali yake taratibu. Soko lilifungwa na nani? Marehemu alisema nini kwenye simu? Je, alitaka kwenda? Hakimu alieleza kila kitu na yule kijana hakumkata maneno. Mwishoni akasema kwamba ushuhuda huu ni mzuri ila unaishia sokoni. Ili malalamiko yasimame, anahitajika mtu wa kuonyesha lori lilitoka kwa amri ya nani.

"Shemeji yako anajua," alisema. "Hataki kuongea na sisi."

"Anaogopa."

"Mwambie sheria haiulizi nani alishika usukani. Inauliza nani alitoa amri. Shahidi wangu hataguswa, mzee wangu. Nakuahidi."

Alisema hivyo akimtazama usoni, na Hakimu aliona kwamba anaamini anachokisema.

Habib alikuwa anaishi kwa mama yake, Mukandutiye, pamoja na mke na watoto, katika nyumba ya mbao nyuma ya msikiti. Hakimu alimkuta uani, mkono bado umefungwa shingoni kwa kanga. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Bega moja lilisimama juu ya jingine. Mama mkwe alileta chai, akakaa karibu, macho kwenye mchele aliokuwa akiuchambua.

Hakimu alimweleza habari za Niyigena, za sheria na za ahadi. Habib alisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, we unafikiri ile watu wametoka Kigali juu ya Mutesi?" alisema. "Wamekuja juu ya Sano."

"Wamekuja kutafuta ukweli."

"Bon. Ukweli ile inaanza na mimi. Breki, mi nilijua iko mubaya. Nilimwambia Donat asubuhi, kwa simu, kisha tena pale kwa garage. Akaniambia, we si chauffeur? Donc, endesha. Nikaendesha. Sasa nikisema hivyo, wataandika nini? Wataandika Habib alijua, Habib akaendesha. Donat hakukuwa mule ndani ya gari."

"Lakini alikuamuru."

"Na mdomo. Mdomo haibaki pahali."

Mukandutiye alisema bila kuinua kichwa kwamba wamwache mtoto wake apone kwanza. Amezika mmoja, huyu aliyebaki ana watoto wa kulisha. Hapo Hakimu angeweza kunyamaza. Alimwona mama, aliliona lile bega. Lakini tangu siku ya mazishi alikuwa akitembea na kitu kifuani kama mwiba wa samaki, na kwa mara ya kwanza alikuwa ameona mtu anayeweza kukitoa.

"Mutesi hakuogopa siku ile," alimwambia Habib. "Aliniambia kwa simu nisiwe na wasiwasi, sababu ni we uko unaendesha. Sasa we unataka nibaki na hiyo maneno mimi peke yangu?"

Habib aligeuza uso kama aliyechapwa kofi. Mama aliacha kuchambua mchele. Kisha Habib akauliza huyo mtu wa Kigali anapatikana wapi.

Walikwenda pamoja. Wachunguzi walikuwa wamekodi chumba katika nyumba moja ya mtaa wa Nengo, chenye zulia na dirisha linalotazama ziwa. Habib alizungumza asubuhi nzima. Alieleza kila kitu: simu, gereji, jibu la Donat, fulana zilizopakiwa kwenye kabini yake, namna watu walivyosukumwa kupanda mpaka hakukuwa na pa kuweka mguu. Niyigena aliandika, akasoma alichoandika, Habib akatia sahihi. Walipotoka, Habib alivuta pumzi ndefu, akacheka kidogo. Alisema bega limekuwa jepesi. Walinunua sambaza, visamaki vya ziwani vya kukaanga, wakala wakitembea. Kwa saa chache Hakimu alijiona mtu aliyefanya jambo jema.

Mwezi huo mshahara wa Habib haukuja.

Kisha Sano akaondoa malalamiko yake. Alitangaza kwenye redio ileile, safari hii bila kutetemeka, kwamba baada ya kutafakari ameona umuhimu wa umoja, na kwamba kasoro ndogondogo hazikosekani mahali popote. Haukupita muda akateuliwa kwenye bodi ya kitu fulani cha kilimo. Hakimu alikwenda kumtafuta kwenye ghala lake la viazi. Sano alimpokea vizuri, akamwagizia soda, akamweleza kwamba siasa ni kusikilizana na kwamba yeye kama Mwislamu anajua thamani ya subira. Alipoulizwa kuhusu wafu saba alisema anawaombea.

Niyigena alirudi mara moja tu. Safari hii alisimama barazani bila kuketi, viatu vikiwa na vumbi. Alieleza kwamba kisheria malalamiko ya uchaguzi ni ya mgombea. Mgombea akiyaondoa, uchunguzi unakufa. Hana mamlaka ya kuuendeleza. Faili la kampeni limefungwa.

Hakimu aliuliza yale maneno ya Habib yako wapi.

Kijana alitazama cherehani. "Kuna vifo," alisema. "Vifo haviondolewi na mgombea. Maelezo yake yamepelekwa kwa mwendesha mashtaka."

"Yote?"

"Sehemu inayohusu ajali. Ile nyingine ilikuwa ya uchaguzi."

"Uliniahidi."

"Niliahidi kama mchunguzi wa uchaguzi, mzee wangu. Uchunguzi haupo tena." Alisubiri kidogo, labda atukanwe. Hakimu hakumtukana. Kijana aliomba ruhusa ya kuondoka, kama alivyoomba ruhusa ya kuketi siku ya kwanza, akaenda zake.

Walimchukua Habib mchana, mbele ya watoto, bila fujo. Polisi mmoja alimsaidia kupitisha bega baya kwenye mlango wa gari.

Kesi haikuchukua muda. Mahakamani Habib aliletwa amevaa sare ya rangi ya waridi ya mahabusu, iliyokuwa pana kiunoni, ikambidi aishike kwa ngumi kila aliposimama. Donat alikuja kama shahidi. Alieleza kwa huzuni kwamba mradi haukuwahi kutoa gari kwa ajili ya siasa. Wananchi walikuwa na hamu ya kwenda kumsikiliza mgombea wao. Dereva, kwa moyo mwema labda, akawabeba. Hakukuwa na amri yoyote. Kama ilikuwepo, iko wapi? Wakili wa Habib, aliyepewa kesi siku mbili tu kabla, alisema hana swali.

Jaji, mwanamke wa makamo mwenye sauti tulivu, aligeukia kizimba.

"Ulijua kwamba breki zina hitilafu?"

"Ndiyo, nilijua. Nilimwambia..."

"Jibu swali. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na uliendesha?"

"Niliendesha."

Aliandika. Kalamu yake ilisikika chumba kizima.

Kisha aliitwa mume wa mmoja wa marehemu. Hakimu alisimama mahali pa mashahidi. Alikuwa amejishonea suti kwa ajili ya siku hiyo, kwa kitambaa alichokuwa akikitunza muda mrefu. Walimwuliza kama mke wake alikuwa kwenye lori. Akasema ndiyo. Walimwuliza kama alifariki kutokana na ajali ile. Akasema ndiyo, akaendelea harakaharaka, akataja mkuu wa soko, meza zilizofungwa, fulana, simu ya Habib kwa Donat. Mwanamke wa sauti tulivu alimwacha kwa sentensi chache, kisha akainua mkono.

"Pole sana kwa msiba wako. Mambo ya uchaguzi hayako mbele ya mahakama hii. Yalichunguzwa na yakafungwa. Hapa tunasikiliza ajali."

"Lakini bila uchaguzi hakukuwa na safari."

"Kaa chini, tafadhali."

Alikaa. Upande wa pili wa chumba familia za wafu wengine zilimtazama Habib kwa chuki ya watu ambao hatimaye wamepewa mtu wa kumchukia. Mama mmoja wa Nyakiriba, aliyepoteza watoto wawili, alisali rozari bila kumwondolea macho. Hakimu alitaka kumwendea amwambie kwamba si yeye. Lakini yale maneno mawili, nilijua na niliendesha, kila mtu alikuwa ameyasikia.

Habib alifungwa miaka miwili.

Katika gereza la kule Nyakiriba walimbadilishia sare, akavaa ya rangi ya machungwa, ya waliohukumiwa. Hakimu alikwenda kumwona siku za wageni pamoja na Mukandutiye, ambaye njia nzima hakumsemesha. Hakumlaumu pia. Angemlaumu, ingekuwa nafuu. Alimpikia, alimfulia kama zamani, akamwita mwanangu, na maneno mengine yote akayabana. Bega la Habib lilikuwa limevimba. Mkono ulianza kufa ganzi kuanzia vidole vidogo, na daktari aliyeahidiwa hakuwa amefika. Habib aliongea kuhusu chakula na kuhusu watoto. Kuhusu Niyigena, kuhusu chumba chenye zulia, hakusema kitu mpaka siku moja waliposimama kuagana.

"Shemeji, Donat alituma mutu," alisema kwa sauti ya chini. "Anasema inawezekana kuomba huruma, nitoke mbele ya wakati. Lakini ni familia ya marehemu ndiyo inapaswa kuandika. Ni wewe."

Sababu walikuja kuijua baadaye. Wafadhili wa barabara, watu wa ng'ambo, walikuwa wamesikia kuhusu lori na kuanza kuuliza maswali. Walitaka kujua kama vifaa vyao vilitumika kwenye kampeni. Fedha za awamu ya pili zilikuwa zimesimama. Kilichohitajika ni neno la mfiwa mwenyewe, yuleyule aliyesumbua mahakamani, kwa mwandiko wake.

Ofisi ya wakili wa mradi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vioo. Hakimu alikwenda na mama mkwe wake. Aliwapokea Madamu Epiphanie, msaidizi wa wakili, mama wa watu aliyekulia Congo na kurudi akiwa na watoto wake. Aliwapa viti na maji ya kunywa, akawapa pole. Alieleza kwamba hakuna anayewalazimisha. Karatasi ikipokelewa leo, Bwana Donat mwenyewe ataipeleka mahali panapofaa, na pia atazungumza na watu wa gereza juu ya lile bega. Akamsomea Hakimu polepole yanayotakiwa: kwamba mke wake alikwenda Mudende kwa hiari yake, akapanda lori mwenyewe, hakulazimishwa na mtu wala ofisi, kwamba dereva alitoa msaada bila kutumwa, kwamba familia imesamehe na inamwombea huruma.

Hakimu aliandika. Mwandiko wake ulikuwa wa fundi, ulionyooka, herufi zimelala upande mmoja kama mshono. Alipomaliza alimpa Epiphanie. Mwanamke alisoma kidole kikifuata mistari, akafika katikati, akasimama.

"Papa Hakimu, hapa kuko kosa kidogo. Umeandika 'alipandishwa'. Inapaswa kuwa 'alipanda'."

Hakimu alilitazama neno. Hakujua kwamba ameliandika hivyo.

"Wakili hataikubali," Epiphanie alisema kwa upole. "Na siwezi kufuta, wataona imefutwa. Chukua hii ingine, uandike upya. Iko muda, usijali."

Alimwekea karatasi safi na kuinyoosha kwa kiganja. Hakimu hakuigusa. Huko chini mtu alikuwa anakata kioo; mlio wake mwembamba ulipanda mpaka juu, ukakoma, ukaanza tena. Mukandutiye alisogeza kiti karibu na meza.

"Andika, mwanangu," alisema. "Mutesi ni wangu, mimi ndiye nilimuzaa. Nimekuruhusu. Habib iko hai. Andika."

Hakimu alishika kalamu. Aliandika tarehe, jina lake, mtaa wake. Aliandika, *mimi mume wa marehemu, kwa akili timamu*. Alivuka mstari baada ya mstari bila kuinua mkono, mpaka akafika pale. *Mke wangu Mutesi*, aliandika, *alipand*.

Mkono ukasimama. Ilibaki herufi moja tu. Mukandutiye aliinamia meza, macho kwenye ncha ya kalamu, midomo yake tayari imefunguka nusu, kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma.